Cha Bure na Mfuasi Wake

Kitu cha bure ni cha namna mbili. Iko bure ya mtoaji aliyetoa kwa moyo wake, asitake malipo. Na iko bure ya mfanyabiashara aliyeficha bei mahali ambapo macho ya mpokeaji hayafiki. Bure ya kwanza humwongezea mtu mali. Ya pili humpunguzia, na aghalabu mwenyewe hajui ni lini alipunguziwa wala ni kiasi gani. Insha hii ni habari ya bure ya namna ya pili, kama ilivyoenea katika kompyuta za ulimwengu kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi tangu mwanzo wa karne ya 21. Ni habari ya kitu kidogo, kisichozidi upana wa kidole juu ya kioo cha kompyuta. Lakini ndani yake mna swali kubwa, nalo ni hili: Ni lini mtu aweza kusemwa kuwa amekubali jambo?

Mtu wa Kanyangi hahitaji kufundishwa uzito wa swali hilo. Katika nchi ile ya ukame, kusini mwa Kitui, upande wa mto Athi unaoitenga Kitui na Makueni, mbuzi ni akiba ya nyumba. Anayekwenda sokoni kununua mbuzi humtazama meno apate kujua umri wake, humpapasa mgongo apate kujua unono wake, na humfunua masikio atafute kupe. Akikuta kupe, bei hushuka au mapatano huvunjika, maana anajua kwamba kupe akiingia zizini hatakaa peke yake. Wala hakubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Sasa, msomaji, mfikirie muuzaji asemaye, “Mbuzi huyu ni wa bure, lakini usipotamka kwamba hutaki kupe, nitahesabu kuwa umewataka.” Maneno hayo yangechekwa sokoni. Katika biashara ya kompyuta hayakuchekwa, yalitajirisha watu.

Kwanza tueleze maneno. Programu ambayo mtu hutumia kufungulia kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Juu ya dirisha la kivinjari huweza kulazwa upau, kama upau uliolazwa juu ya paa la nyumba, na juu yake hupangwa vitufe vya kubonyeza pamoja na nafasi ya kuandikia jambo linalotafutwa. Huo ndio upau wa zana. Asili yake haikuwa ovu. Mwezi wa Desemba 2000 kampuni ya Google ilitoa upau wake kwa watumiaji wa kivinjari cha Internet Explorer. Aliyeuweka aliweza kutafuta habari bila kuufungua kwanza ukurasa wa Google, na baadaye upau huo ulimzuilia madirisha ya matangazo yaliyokuwa yakiruka mbele ya macho yake. Mtu aliutaka, akaupata, ukamfaa. Hapo palikuwa na mapatano ya haki, wala hapana wa kulaumiwa.

Uovu uliingia kwa mlango wa fedha. Mtu anapotafuta jambo katika intaneti huonyeshwa matangazo pamoja na majibu yake, na akibonyeza tangazo, mwenye tangazo hulipa. Kwa hiyo kila utafutaji una thamani, na anayeweza kuugeuza utafutaji wa watu upitie mlangoni pake hupata fungu lake. Upau uliowekwa katika kompyuta milioni moja ulikuwa mrija uliotiwa katika mito milioni moja. Mwenye upau aliona ni faida kumlipa mtu yeyote atakayemsaidia kuuingiza mahali papya. Watafiti wa Google pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha New York walioichunguza biashara hii waliandika mwaka 2016 kwamba malipo kwa kila kompyuta iliyoingizwa programu ya namna hiyo yalikuwa kati ya senti 10 za dola na dola 1.50, na kwamba mitandao iliyofanya kazi hiyo ilisababisha majaribio zaidi ya milioni 60 ya kupakua kila wiki. Mtunzi wa programu ya bure, ambaye pengine hakuwa na mshahara, aliona riziki. Mwenye ghala la kugawia programu za wengine aliona utajiri.

Tazama sasa jinsi mtego ulivyotegwa. Mtu alitaka programu ya kuchezea muziki, au ya kusomea vitabu. Aliipakua, yaani aliivuta kutoka intaneti hadi katika kompyuta yake, kisha akaanza kuisakinisha. Dirisha la kwanza lilimkaribisha. La pili lilimwonyesha masharti marefu kwa Kiingereza cha wanasheria. La tatu lilimuuliza mahali pa kuiweka programu. La nne lilifanana na yale matatu kwa rangi, kwa umbo, na kwa kitufe cha kuendelea kilichokaa pale pale pembeni. Lakini ndani yake mlikuwa na kisanduku kidogo, na kisanduku hicho kilikuwa kimekwisha kutiwa alama ya vema kabla mtu hajafika. Maneno yaliyokaa kando yake yalisema kwamba mtu huyo anataka kuongezewa upau fulani, na kwamba anataka utafutaji wake wote upitie kwa wenye upau huo. Mkono uliokwisha kuzoea kubonyeza mara tatu ulibonyeza mara ya nne. Upau uliingia.

Palikuwa na hila nyingine pia. Mtu alionyeshwa njia mbili: njia ya haraka, iliyoandikwa kuwa ndiyo inayopendekezwa, na njia ya wajuzi. Mara nyingi visanduku vya nyongeza vilionekana katika njia ya wajuzi tu. Aliyejiona si mjuzi alifuata njia ya haraka kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wake ukawa ndio kosa lake. Mahali pengine kitufe cha kukubali kilitiwa rangi ya kung’aa, na cha kukataa kikapaushwa kana kwamba hakifanyi kazi.

Siku iliyofuata mtu alifungua kivinjari akakuta ukurasa wa mwanzo si ule alioujua. Alitafuta habari akaletewa orodha iliyojaa matangazo. Kompyuta ilianza kwenda kwa kujikokota. Alipojaribu kuuondoa upau, pengine uliondoka lakini ukurasa wa mwanzo usirudi, au programu uliyoingia nayo ikaurudisha. Wako waliokuwa na pau tatu au nne juu ya dirisha moja, hata nafasi ya kusomea ikawa ndogo. Nao hawakukumbuka kamwe kuwa waliomba hata mmoja.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya yalifanywa gizani na watu wasiojulikana. Mnamo mwaka wa 2002 wachapishaji wakubwa wa magazeti ya Marekani, miongoni mwao wenye New York Times na Washington Post, waliishtaki kampuni ya Gator, ambayo programu yake iliingia pamoja na programu za bure kisha ikaonyesha matangazo yake juu ya kurasa zao. Shauri hilo lilimalizika kwa mapatano mwaka 2003. Mwezi wa Novemba 2006 kampuni ya Zango, iliyoshtakiwa kwa kuingiza programu za matangazo katika kompyuta za watu bila idhini ya kutosha, ilikubaliana na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara kwamba italipa dola milioni 3.

Hata hivyo biashara ilizidi kukua, kwa maana adhabu ilikuwa ndogo kuliko pato. Mwezi wa Desemba 2011 Gordon Lyon, mtunzi wa programu ya bure iitwayo Nmap, aligundua kwamba ghala mashuhuri la Download.com lilikuwa limeifunga programu yake ndani ya kisakinishi chake lenyewe, na kisakinishi hicho kilitaka kuingiza upau pamoja na kubadili ukurasa wa mwanzo. Yeye hakuombwa ruhusa. Alilalamika hadharani, kwa kuwa jina lake ndilo ambalo watu wangelilaani, ilhali fedha si zake. Ndivyo mfuasi wa cha bure alivyomdhulumu hata yule aliyetoa kwa moyo wake. Kwani bure ya namna ya kwanza ilitumiwa kama chambo cha bure ya namna ya pili.

Lakini mfano unaostahili kukumbukwa kuliko yote ni wa Java. Java ilikuwa programu ya msingi ambayo programu nyingine nyingi ziliitegemea, nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Oracle tangu mwaka 2010 ilipoinunua Sun Microsystems. Mwezi wa Januari 2013 kasoro kubwa ya usalama iligunduliwa ndani ya Java, hata serikali ya Marekani ikawashauri watu waizime katika vivinjari vyao. Oracle ilitoa marekebisho upesi, na kila mwenye busara alihimizwa ayachukue. Lakini ndani ya marekebisho hayo mlikuwa na kisanduku cha upau wa Ask, kimekwisha kutiwa alama ya vema. Mwezi huo huo mwandishi wa habari za kompyuta, Ed Bott, alieleza jambo la ajabu zaidi: aliyeupokea upau huo bila kujua hakuuona papo hapo, bali ulingoja dakika 10 baada ya Java kusakinishwa, ndipo ukajiweka. Aliyeshtuka akaenda kuutafuta katika orodha ya programu zake hakuukuta. Akarudi kazini ameridhika, nao ukaja nyuma yake. Pima mwenyewe, msomaji. Kitu kinachotolewa kwa nia njema kina haja gani ya kungoja mpokeaji ageuze uso?

Zingatia pia kwamba aliyenaswa hapo hakuwa mvivu wala mlafi wa vitu vya bure. Alikuwa ametii shauri la usalama. Hofu yake njema ndiyo iliyofanywa mlango. Kadhalika programu kadhaa za kuulia virusi, zilizotolewa bure, zilikuja na pau zao wenyewe. Mlinzi aliajiriwa azuie wageni wasioalikwa, akaingia na mmoja wao mkononi.

Sisi wa Afrika Mashariki tulifika katika habari hii wakati wake wa joto kali. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya pwani yetu na bara yake ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na vijana wengi wakaijua intaneti katika miaka ile ile ambayo biashara ya pau ilikuwa imefikia kilele. Wengi waliijua katika saiba, mahali ambapo kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku, na kila mmoja hubonyeza kitufe cha kuendelea kisha akaenda zake. Katika saiba mteja hulipa kwa dakika. Mwenye kompyuta yake alinunua intaneti kwa kipimo, akijua kwamba kipimo kikiisha kazi imekwisha.

Hapo ndipo madhara ya upau yalipokuwa mazito kuliko yalivyokuwa kwa watu wa nchi tajiri. Mtu wa New York ambaye kompyuta yake ilijikokota alipoteza subira. Kijana wa mji mdogo wa Ukambani aliyekuja saiba kutafuta fomu ya chuo alipoteza dakika, na dakika zilikuwa shilingi. Kila tangazo lililopakiwa bila kuombwa lilikula kipimo cha intaneti alichonunua kwa fedha yake. Kwa hiyo msemo kwamba programu ile ilikuwa ya bure haukuwa kweli. Ilikuwa na bei, ila bei ililipwa kidogo kidogo kwa mkono mwingine. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Wangaliona kisanduku kile, wangaliongeza kwamba huvunja na chungu.

Pau hizo zilianza kushindwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilitoka kwa wenye vivinjari. Mwezi wa Novemba 2011 kivinjari cha Firefox kilianza kuzizuia nyongeza zote zilizoingizwa na programu nyingine mpaka mtumiaji aseme kwa kutenda kwamba anazitaka. Chrome kikafuata mwaka 2013. Mwaka 2015 Microsoft ilianza kuyahesabu matoleo ya zamani ya upau wa Ask kuwa programu zisizotakiwa, zinazostahili kuondolewa. Njia ya pili ilitoka kwa watunzi wenyewe. Mwezi wa Novemba 2013 watunzi wa GIMP, programu ya bure ya kutengenezea picha, walilihama ghala la SourceForge kwa kuchukizwa na matangazo ya hila na visakinishi vyenye nyongeza. Ghala hilo lilipata wenyewe wapya mwaka 2016, nao wakaikomesha desturi ile. Njia ya tatu ilikuwa ya sheria, nayo ndiyo iliyokawia kuliko zote.

Mafundisho ya sheria yalipatikana kwa gharama. Mwaka 2014 kampuni ya Lenovo ilianza kuuza kompyuta zilizokwisha kuwekwa ndani yake programu ya matangazo iitwayo Superfish. Hapa hata kisanduku hakikuwako; mnunuzi aliikuta nyumbani kama mpangaji aliyemtangulia. Mwezi wa Februari 2015 ilijulikana wazi kwamba programu hiyo ilijipenyeza kati ya mtu na kurasa zenye kulindwa kwa siri, kama zile za benki, ikaufanya ulinzi wake kuwa dhaifu. Mwaka 2017 Lenovo ilipatana na serikali ya Marekani, na ikakubali kulipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32 yaliyoishtaki. Watu waliokuwa wakisema kwamba upau ni udhia mdogo waliona mwisho wa njia waliyoipuuza mwanzo wake.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2016 kanuni za kulinda habari za watu, zilizoanza kutumika Mei 2018. Kanuni hizo zilitamka kwamba ukimya si idhini, wala kisanduku kilichotiwa alama mapema si idhini. Mwezi wa Oktoba 2019 mahakama kuu ya Umoja huo iliamua vivyo hivyo katika shauri la kampuni moja ya Ujerumani iliyoendesha mchezo wa bahati nasibu katika intaneti. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kuweka haki ya faragha katika ibara ya 31, na haki za mnunuzi, pamoja na haki ya kupewa habari azihitajizo, katika ibara ya 46. Mwezi wa Novemba 2019 ikaja Sheria ya Kulinda Data, ambayo yataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahsusi, na ya mtu aliyekwisha kuelezwa. Linganisha maneno hayo manne na kile kisanduku, nawe utaona kwamba hakuna hata moja ambalo kingeweza kulitimiza.

Pau zenyewe sasa zimekuwa habari za kale. Internet Explorer, kivinjari kilichozibeba nyingi, kiliachwa na Microsoft mwezi wa Juni 2022. Lakini desturi haikufa pamoja na chombo chake. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi ili mboni zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali iliusimamisha mradi huo mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha hizo zifutwe. Swali lililoulizwa lilikuwa lile lile la kisanduku: Je, mtu aliyepewa kitu mkononi, asielezwe vema kinachochukuliwa kwake, amekubali?

Wako wasemao kwamba lawama ni ya mtumiaji. “Maneno yaliandikwa,” husema, “naye hakusoma.” Hoja hii ina sehemu ya kweli, wala haifai kuitupa yote, asiyesoma anachokitia sahihi hujitia katika hatari. Lakini haikamiliki. Mtu aliyeandika maneno kwa herufi ndogo, akayaweka mahali ambapo mkono hupita kwa mazoea, akajaza jibu kwa niaba ya mwingine, akangoja dakika 10 apate kutoonekana, huyo hakuandika ili asomwe. Aliandika apate kusema baadaye kwamba aliandika. Kosa la asiyesoma ni uzembe. Kosa la aliyetega uzembe huo ni hila, na mizani ya haki haiyapimi makosa hayo mawili sawasawa.

Kwa hiyo, mwanafunzi, yakupasa mambo machache. Unapotaka programu, iendee kwa mtunzi wake mwenyewe, usipitie ghala usilolijua. Ukionyeshwa njia ya haraka na njia ndefu, ipite ile ndefu. Haikutengwa kwa wajuzi peke yao. Soma kila dirisha kabla ya kubonyeza, hasa lile linalofanana na yaliyotangulia. Ukiambiwa kitu ni cha bure, jiulize mtoaji anakula nini. Ukipata jibu jema, pokea kwa shukrani, maana watoaji wa kweli wapo, na programu nyingi bora duniani ni zawadi zao.

Tena liko la mwisho, nalo ni zito kuliko hayo. Miongoni mwenu wanaosoma ukurasa huu wako watakaokuwa watunzi wa programu, na makarani wa kuandika fomu, na wenye maduka, na watunga sheria. Siku moja kila mmoja wao ataandika swali ambalo wengine watalijibu. Atajua kwamba wengi wana haraka, kwamba wengine hawaielewi lugha yake vema, na kwamba akijaza jibu mapema wachache tu watalibadili. Siku hiyo hapatakuwa na msimamizi nyuma yake. Kama alijifunza neno lolote katika habari hii, atakiacha kisanduku kitupu, angoje mwenye mkono akitie alama mwenyewe.